Land Cruiser 100, 200 au 300: kila kizazi na masharti yake

Kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, Land Cruiser kubwa ina milimita 2,850. Ilikuwa hivyo kwenye kizazi cha 80, ikabaki hivyo kwenye 100 iliyotoka mwaka 1998, kwenye 200 ya mwaka 2007, na kwenye 300 iliyozinduliwa Juni 2021 ikiwa na chesisi mpya kabisa. Kipimo hicho ndicho kinachoamua kwa sehemu kubwa gari livuke vipi korongo, lipande vipi tuta na ligeuke vipi mahali pembamba, na Toyota wamekilinda kwa makusudi. Vingine karibu vyote vimebadilika: injini, gia boksi, bodi, waya, mafuta yanayokubalika tangini, na aina ya fundi anayeweza kuligusa gari bila kuliharibu.

Hapo ndipo kuchagua kunapokuwa kugumu. Wengi wakiulizwa wachukue ya zamani au mpya hujibu kwa mfuko: mwenye fedha achukue mpya, asiyenazo aridhike na ya zamani. Jibu hilo lingefaa kama vizazi hivi vingekuwa gari lilelile, moja limechakaa zaidi ya jingine. Sivyo. Kila kizazi kipya kilipotoka, gari lilipata nguvu, breki bora na usalama zaidi, na papo hapo likamwongezea mwenye gari masharti. 100 inataka fundi makini. 200 inamtaka fundi huyo pamoja na mafuta safi. 300 inavitaka hivyo vyote na juu yake kompyuta yake, muuza spea anayejua kuagiza kwa namba kamili, na fundi wa bodi aliyezoea kufanya kazi na alumini. Mtu wa Masaki na mtu wa Mpanda wanaweza kuwa na fedha sawasawa, na bado kila mmoja akastahili gari tofauti.

Namba ya chesisi kwanza, sura baadaye

Mtaani tunaziita VX, V8 au shangingi tu, na majina hayo hayamsaidii mnunuzi. VX ni daraja la vifaa, na limetumika kizazi baada ya kizazi. V8 ni mpangilio wa silinda nane kwa umbo la V: 100 nyingi za petroli zina V8, 200 nyingi zina V8, lakini 300, ambayo wengine huiita "V8 mpya", haina V8 hata moja. Injini zake zote ni V6.

Kinachosema kweli ni namba iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi, upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Herufi zake za mwanzo zinataja injini na kizazi. UZJ100 ni 100 ya petroli, V8 ya lita 4.7. HDJ100, au HDJ101 kwa zilizouzwa Japani, ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, yenye turbo. HZJ105 ni ndugu yake wa kazi ngumu, mwenye ekseli nzima mbele na dizeli isiyo na turbo. UZJ200 ni 200 ya petroli lita 4.7, URJ202 ni ya lita 4.6, na VDJ200 ni dizeli ya V8, lita 4.5, turbo mbili. Kwenye 300, FJA300 ni dizeli ya lita 3.3 na VJA300 ni petroli ya lita 3.5.

Kuzijua herufi hizi kunakuokoa na maneno mengi ya madalali. Mfano: Toyota hawakuwahi kuuza 200 ya dizeli ndani ya Japani. Kila 200 iliyouzwa huko ikiwa mpya ilikuwa ya petroli. Zile za dizeli zenye usukani wa kulia zimetoka Australia, Uingereza au Afrika Kusini, au ziliuzwa hapa hapa zikiwa mpya kwa serikali, mabalozi, mashirika na kampuni. Kwa hiyo ukiambiwa gari ni V8 ya dizeli na "limeshuka bandarini kutoka Japani", omba namba ya chesisi kabla hujaomba punguzo.

Halafu kuna sura za kubandika. 200 iliguswa uso mwaka 2012, kisha ikabadilishwa sana mwaka 2015: taa, boneti, grili, bampa. Vifaa vya kuigeuza 200 ya 2008 ionekane ya 2016 vinauzwa waziwazi, Dubai hasa, na kazi ikifanywa vizuri jicho la kawaida haliwezi kugundua. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho utazame kitambaa kidogo kilichoshonwa chini kabisa: kina tarehe ya kutengenezwa kwa mkanda. Tazama na alama za kioo kwenye kila mlango. Mwenye kubadilisha uso huwa habadilishi mikanda. Namba mpya ya usajili nayo isikuzuge; kwa Tanzania herufi ya E inakueleza gari lilisajiliwa lini hapa, si lilizaliwa lini.

100: gari ambalo fundi wako analielewa

100 ilikuwa Land Cruiser kubwa ya kwanza kuachana na ekseli nzima mbele, kila tairi la mbele likapewa mikono yake na vyuma vya kujinyonga badala ya springi. Wakati ule wapenzi wa porini walilalamika, na ndiyo maana Toyota waliendelea kutengeneza 105 pembeni kwa wanaotaka ekseli ya zamani. Kwa barabara ya lami na changarawe, 100 ilikuwa hatua kubwa: haiyumbi, haichoshi, na ndani kimya.

Petroli yake, 2UZ, ina bloku ya chuma na sifa ya kuishi muda mrefu kuliko gari lenyewe. Magonjwa yake yanajulikana. Manifoldi ya eksozi hupasuka, na utaisikia asubuhi injini ikiwa baridi: mlio wa tiki-tiki unaopotea ikishapata moto. Stata yake imefichwa katikati ya V, chini ya manifoldi ya hewa, kwa hiyo stata ikifa kazi ni ya siku nzima wakati kwenye magari mengine ni ya saa moja. Gia boksi ilikuwa ya gia nne, ikawa ya tano kuanzia matoleo ya 2003. Ulaji wa mafuta haufichiki. Mjini ukipata kilometa tano kwa lita umeendesha kwa adabu.

Dizeli ya 1HD-FTE ndiyo inayotafutwa kwa tochi, na kwa haki. Pampu yake inasambaza mafuta kwa bomba kwenda kila silinda, kompyuta inasimamia kidogo tu, na fundi wa pampu aliyefunzwa vizuri, awe Arusha, Mbeya, Bukavu au Eldoret, anaweza kuifungua akaijenga upya mezani kwake. Ina nguvu ya farasi 200 na ushei, na mvuto unaoanzia chini kabisa, mzunguko wa 1,200 kwa dakika, ambako dereva wa porini anauhitaji.

Injini zote mbili zinatumia mkanda wa taimingi. Japani ulipangwa kubadilishwa kila kilometa 100,000, na kwenye dizeli kuna taa ya dashibodi inayowaka muda ukifika. Taa hiyo mnunuzi aiogope zaidi ikiwa imezimika kuliko ikiwa inawaka, kwa sababu kuizima ni kazi ya dakika chache na kubadilisha mkanda ni kazi yenye gharama. Mkanda wa dizeli ukikatika, vali hugongana na pistoni na injini inalala. Usipoona risiti ya mkanda, hesabu kwamba haujabadilishwa, utoe fedha hiyo kwenye bei.

Kitu kingine kwenye 100 za Japani za daraja la juu ni AHC, mfumo unaoinua na kushusha gari kwa mafuta na gesi. Ukiwa mzima ni raha. Ukichoka, gari linaanza kuruka kama mkokoteni kwa sababu mitungi ya gesi imekufa. Wengi huku wameung'oa wakafunga shokapu na springi za kawaida. Si dhambi, ila uliza ni nani aliyefanya na kwa vifaa gani, maana wapo waliotoa mitungi tu wakaacha springi zilezile laini, na gari likipakiwa linakalia matairi.

Na kutu. 100 iliyokaa Uingereza au kaskazini mwa Japani imetembea kwenye chumvi ya barafu miaka mingi. Rangi inaweza kung'aa huku chesisi inamong'onyoka. Lala chini na nyundo ndogo, gonga chesisi kwa nyuma, juu ya ekseli. Sauti ya chuma kizima inajulikana.

200: hapa ndipo makosa ya gharama hufanyika

Kizazi hiki kilikaa sokoni miaka 14, 2007 hadi 2021, na ndicho kilichojaa kwenye misafara ya viongozi, maegesho ya mashirika na yadi za magari. Kwa sababu kinaonekana kila mahali, watu hudhani ni gari rahisi. Kwa petroli, karibu ni kweli. Kwa dizeli, inategemea sana.

1VD, dizeli ya V8, ina mvuto wa nyutoni-mita 650. Hakuna kilichokuja kabla yake kwenye Land Cruiser kilichovuta namna ile. Lakini haitumii pampu ya kizamani. Mafuta yote hubanwa kwenye mrija wa pamoja kwa presha inayozidi ba 1,500, kisha injekta nane hufunguka kwa umeme, mara kadhaa katika mpigo mmoja, kwa amri ya kompyuta. Nafasi kati ya vyuma vilivyomo ndani ya injekta ni ndogo kuliko unywele mara nyingi. Tone la maji likipita humo, au mafuta yaliyochanganywa na ya taa ambayo hayalainishi vyuma, uso wa injekta unachubuka. Kuanzia hapo inavuja, silinda moja inapata mafuta mengi kuliko nyingine, na kwa uvumilivu mbaya inaweza kutoboa pistoni.

Mafuta yetu yamekuwa bora. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishuka hadi dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na Tanzania mafuta huwekewa vinasaba tangu 2010 ili uchakachuaji ugundulike. Kenya nayo mwaka 2018 ilipandisha tozo ya mafuta ya taa kuondoa faida ya kuyachanganya. Lakini hatua hizo hazizuii maji kuingia kwenye tangi la kituo kidogo wakati wa masika, wala hazimfikii anayenunua kwa madumu pembezoni mwa barabara ya Kigoma au Kivu. Dizeli ya kizamani ingekohoa, fundi akasafisha, mkaendelea. 1VD inaweza kukuletea bili ya injekta nane.

Jambo la pili ni vumbi. Za miaka ya mwanzo zililalamikiwa sana Australia kwa kula vumbi: boksi la chujio la hewa halikuziba sawasawa, vumbi laini likapita pembeni ya chujio likaenda kusaga turbo na ringi za pistoni. Za mwanzo pia zilijulikana kwa kula oili. Kipimo chake hakihitaji mashine. Fungua bomba la hewa lililo baada ya chujio, ingiza mkono wenye kitambaa cheupe, futa ukuta wa ndani. Kikitoka na vumbi jekundu, funga boneti na umshukuru muuzaji kwa muda wake. Gari lililotembea Dodoma–Iringa enzi ya vumbi, au Turkana, au Ituri, lazima lifanyiwe kipimo hiki, na muuzaji anayekataa amekwisha kujibu.

Baada ya hapo mpe fundi mwenye kompyuta asome marekebisho ya kila injekta injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Namba moja ikiwa mbali sana na nyingine saba, kuna injekta inayozeeka kabla ya wenzake.

Sasa fanya hesabu ya mafuta, maana wengi hukimbilia dizeli kwa ajili hiyo peke yake. Chukua kilometa 10,000 kwa mwaka. 200 ya petroli ikienda kilometa 6 kwa lita itakunywa lita kama 1,670. Ya dizeli ikienda 8.5 itakunywa lita kama 1,180. Tofauti ni lita 490 hivi kwa mwaka. Kwa anayeishi mjini na kusafiri Pasaka na Krismasi, akiba hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyoidhania, na seti moja ya injekta inaimeza akiba ya miaka kadhaa. Kwa kampuni ya utalii au mradi unaokimbiza kilometa 50,000 kwa mwaka kwa mafuta ya kituo kinachoaminika, dizeli inajilipa.

Ndiyo maana kwa mtu binafsi naipendekeza bila kusita 200 ya petroli ya lita 4.6, ile ya URJ202. Haina turbo. Ina cheni badala ya mkanda, gia sita, nguvu ya farasi zaidi ya 300, na haina ugomvi na mafuta ya kituo cha Manyoni. Ina mambo yake ya kuangalia: oili inayovuja juu ya hedi za silinda, na maji ya rejeta yanayoweza kuvuja katikati ya V, mahali yasipoonekana. Ukisikia harufu tamu injini ikiwa moto na rejeta inapungua bila tone chini, ndipo pa kuanzia. Rejeta yenyewe hupasuka juu, kwenye plastiki, kwenye 200 za injini zote. Ile ya lita 5.7 ya Ghuba ni injini nzuri, ila uwe na moyo kwenye pampu ya petroli. V6 ya lita 4.0, nayo ya Ghuba, ni nyepesi kwa mwili ule lakini haina kitu cha ajabu cha kuharibika.

Neno kuhusu KDSS, mfumo wa mafuta unaounganisha vyuma vya kuzuia gari kulala kwenye kona na kuviachia gari likiwa kwenye makorongo. Unafanya kazi vizuri sana, na ukikuta 200 imesimama mahali tambarare huku bega moja liko chini, umepata wa kuanzia uchunguzi. Vali na mabomba yake chini ya gari hayapendi kupigwa mawe.

300: ubora usio na ubishi, na mahali unapokwama

Toyota waliipunguzia 300 uzito wa kilo kama 200. Dizeli yake ya V6 inatoa nyutoni-mita 700, zaidi ya V8 iliyoitangulia, na petroli yake inazidi nguvu ya farasi 400. Gia ni kumi. Kwa usalama haina mpinzani katika ukoo huu: ilipata nyota tano za ANCAP, wapimaji wa usalama wa magari wa Australia na New Zealand, mwaka 2022, na zenye mfumo wa kuzuia ajali zinaona gari lililo mbele kwa rada na kamera, na zinafunga breki zenyewe. Hili la breki nalipa uzito mkubwa. Anayesafiri usiku kati ya Morogoro na Mikumi, malori yameharibika njiani bila taa wala pembetatu, ana familia nyuma, anajua ni kwa nini. 100 ina ABS na mifuko ya hewa michache, na mwili mzito. Ikikutana na lori lililosimama haitakuamsha.

Lakini angalia uzito ulipunguzwaje. Boneti, paa na milango yote ni ya alumini. Fundi wa kunyoosha bodi wa kwetu, bingwa wa chuma, anayerudisha mlango uliobonyea kwa nyundo, mbao na gesi, hana kazi hapo. Alumini ikichomwa kwa namna ya chuma inatoboka, na ikinyooshwa kwa moto usiopimwa inapoteza uimara. Mlango uliokunjwa na bodaboda unabadilishwa mzima. Kioo cha mbele nacho kina kamera nyuma yake. Kikipasuka kwa kokoto, kipya kinahitaji kupangwa upya kwa mashine, vinginevyo gari linaona barabara pasipo. Wanaofunga bampa la chuma kwa ajili ya wanyama wajue rada iko mbele hapo hapo.

Dizeli nayo ina mgawanyiko ambao matangazo ya mauzo huyaacha kimya. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina chujio la masizi kwenye eksozi na tangi la maji ya urea yanayosafisha moshi. Chujio hilo linajisafisha kwa kujichoma gari likiwa mwendo mrefu wa moto. Foleni ya Ubungo au ya Thika Road hailipi chujio nafasi hiyo. Salfa ya sehemu 50 ni nyingi kwa mifumo iliyochorwa kwa dizeli ya sehemu 10. Urea ikiisha, gari linakuonya, na ukipuuza halitawaka tena. 300 iliyouzwa na wakala wa hapa imepangwa kwa mafuta ya hapa, na tofauti hiyo pekee inaweza kuhalalisha bei yake ya juu.

Lipo pia suala la ujana wa injini. Januari 2024 Toyota walisimamisha kwa muda usafirishaji wa magari kadhaa ya dizeli, 300 ikiwemo, baada ya kampuni shirika yao, Toyota Industries, kukutwa na udanganyifu katika vipimo vya uthibitisho wa nguvu. Walisema magari yaliyokwisha kuuzwa yanaendelea kutumika. Mwaka huo huo, Marekani, waliita karakana magari kama 102,000 ya Tundra na Lexus LX yenye petroli ya familia ileile ya lita 3.5, kwa sababu mabaki ya chuma kutoka kiwandani yaliweza kubaki ndani ya injini na kuharibu bearingi za krenki. Sisemi gari ni bovu. Nasema injini hii bado haijafikisha umri wa kutuonyesha itakavyokuwa kwenye kilometa 400,000, wakati 2UZ tumeshaiona huko.

Tangi pia limepungua: lita 110 badala ya 138 za 200 yenye matangi mawili. Kwa lami haina shida kwa sababu ulaji umeshuka. Kwa Loliondo, Katavi au Marsabit, hesabu vituo kabla ya kuondoka.

Kodi na mipaka

Kabla ya kupenda kizazi chochote, uliza nchi yako inakubali nini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo 100 utainunua tayari ikiwa ndani ya nchi, na historia yake ndiyo kila kitu. Uganda mpaka ni miaka 15. Tanzania haizuii kwa umri, bali inatoza: ushuru wa uchakavu wa asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na 30 likizidi hapo, juu ya ushuru wa forodha na VAT. Tena TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, hukokotoa kwa thamani iliyomo kwenye mfumo wao, si lazima ile uliyomlipa muuzaji, hivyo 100 uliyoipata kwa bei ya kutupa Yokohama inaweza isiwe ya kutupa ikifika Dar. Pitisha gari kwenye kikokotoo chao kabla ya kutuma hata dola moja.

Walio Burundi, Rwanda na Kongo wanaendesha kulia, na kwao soko la asili ni Dubai. Huko petroli ni nyingi na injini nyingi hazina vichujio vya masizi, jambo jema. Baya ni jua na mchanga: mpira wa milango, plastiki za dashibodi, bushi na mabomba ya rejeta huzeeka kabla ya kilometa zake. Gari la Ghuba lenye kilometa 80,000 linaweza kuwa na mipira ya gari la kilometa 200,000.

Nani achukue ipi

Kama uko mbali na jiji, una fundi mmoja unayemwamini, na unataka gari utakalokaa nalo miaka kumi, tafuta 100 ya dizeli yenye historia, au 105 kama njia yako ni mbaya kweli na starehe si hoja. Uwe tayari kusubiri. Nzuri hazikai sokoni. 100 ya petroli ni kwa anayeendesha kidogo na hataki mshangao.

Kama unaishi mjini, unasafiri mikoani, na fedha inatosha, chukua 200 ya petroli ya lita 4.6, hata ikiwa ya 2010 yenye sura yake ya asili, kuliko ya 2008 iliyovaa uso wa 2016. 200 ya dizeli ichukue tu kama umeona daftari la matengenezo, na zaidi iwe ya miaka ya baadaye. Magari ya mashirika huwa na daftari hilo. Ya minada mingine hayana, na bei ya mnada haitoshi kufidia kutokujua.

300 inunue mpya kutoka kwa wakala, yenye waranti, ukiwa karibu na karakana yao. Iliyotumika kutoka Japani isubiri mpaka umehakikisha ni petroli au umejua utapata wapi urea na nani atasafisha chujio. Na uangalie karatasi zake kwa makini, kwa kuwa Land Cruiser huongoza mara nyingi kwenye orodha za magari yanayoibwa Japani, na wanunuzi wa 300 huko walitakiwa mwanzoni kusaini kwamba hawataiuza ndani ya mwaka mmoja.

Ukifika siku ya kukagua, mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti: ikiwa ya moto, ahirisha. Washa mwenyewe injini ikiwa baridi, sikiliza dakika mbili za kwanza, tazama moshi, kisha acha sailensa ikimbie mpaka geji ya joto itulie. Tenga fedha, kwa kizazi chochote, ya kumwaga oili zote mara moja: injini, gia boksi, difu zote mbili na gia ya porini, pamoja na maji ya rejeta, vichujio, na mkanda kama upo. Fedha hiyo ihesabu ndani ya bei ya gari tangu siku ya kwanza unapojadiliana.